Spoki Thelathini na Sita

Spoki ya kwanza ilikatika kabla Arletta hajafika nusu ya mlima. Aliisikia vizuri, kama mtu kagonga ndoo kwa kijiko. Hakusimama. Kwenye kigari alichokuwa akikikokota nyuma ya baiskeli mlikuwa na ratili mia na sitini za tambi, na ukisimama katikati ya mlima ule huondoki tena. Akaiongezea mota nguvu, akaisaidia kwa miguu, huku akimwomba Mungu kimoyomoyo amfikishe kileleni tu, huko mbele atajua mwenyewe. Ya pili ikakatika. Ya tatu ikafuata papo hapo. Gurudumu la nyuma likaanza kuyumba na kusugua fremu, mota ikanguruma kwa hasira, kisha ikanyamaza. Akashuka, akabana breki kwa mikono miwili, akakiegemeza kigari kwenye nyonga yake ili mzigo usimrudishe bondeni.

Alisimama hivyo robo saa nzima. Magari mawili ya watu wa nje, wasiofuata kanisa lao linalokataza magari, yalimpita. La pili lilipunguza mwendo, kioo kikashuka, mkono ukatoka na simu, ukampiga picha. Arletta aliinamisha kichwa hadi kofia yake nyeusi ikamfunika uso. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na maisha yake yote alikuwa akikwepa kuangaliwa.

Aliyemwokoa alikuwa Roy Nisley, jirani yao, akishuka na farasi wawili na gari lililojaa mabua ya mahindi ya kushindilia kwenye ghala.

"Binti Mahlon," alisema, "farasi wako leo kala misumari?"

"Kachoka tu," Arletta alijibu chini chini.

Roy aliliangalia gurudumu, akapiga mluzi, hakuuliza zaidi. Akageuza farasi wake pale pale mlimani, ingawa kulikuwa na watu kumi ghalani wakimsubiri na mashine inaunguruma bure. Akapakia maboksi ya tambi juu ya mabua, kisha baiskeli, kisha kigari. Arletta alimshukuru mara tatu. Familia yao ilikuwa imeshukuru sana mwaka ule: wameshukuru kwa kuni, kwa nyama, kwa bili ya hospitali iliyolipwa na kanisa, kwa watu waliokuja kuezeka paa. Kila mara walishukuru kwa moyo wote, na kila mara mama yake alikuwa akirudi ndani na kukaa chini kidogo kabla ya kuendelea na kazi.

Walifika dukani saa nne kasoro. Walitakiwa wafike saa mbili.

Marlene Hostetler, mwenye duka, alikuwa mwepesi wa kutembea na mwepesi wa kusema. Aliyahesabu maboksi mlangoni, mbele ya wasichana wawili waliokuwa wakipanga jibini, akachomoa bua moja la mahindi lililonasa kwenye boksi la juu.

"Hii ya pili, Arletta."

"Kulikuwa na shimo barabarani."

"Shimo la wiki mbili zilizopita, au limezaa?"

Mmoja wa wasichana akacheka, akajifanya anakohoa. Marlene hakucheka. Alimweleza kwamba hana ugomvi na tambi zao, kwamba tambi za mama yake, Clara, ni nzuri kuliko zote zilizowahi kukaa kwenye rafu ile. Lakini Ijumaa wageni huanza kuingia saa mbili, na rafu ikiwa tupu yeye hana la kuwaambia. Kuna familia nyingine inamwomba nafasi tangu kiangazi.

"Ijumaa ijayo, saa mbili," alisema. "Ukichelewa, nafasi nawapa wao. Nakwambia mapema usije ukasema nilikuvizia."

Arletta alitikisa kichwa kukubali. Rafu ile, yenye upana wa hatua mbili, ndiyo iliyokuwa ikiwalisha tangu baba yake apigwe na kiharusi na karakana ya magurudumu kufungwa. Farasi wao naye alivunjika mguu kwenye barafu mwezi wa kwanza, na baiskeli ya mota, iliyotolewa na shemeji zake kwa ruhusa ya kanisa, ndiyo iliyobaki.

*

Baba yake aliwasubiri mwishoni mwa njia ya nyumbani, ameshika fimbo kwa mkono wa kushoto. Kabla hajamsalimu mtu aliliangalia gurudumu.

Mahlon Raber alikuwa ametengeneza magurudumu ya magari ya farasi kwa miaka thelathini na miwili. Mwezi wa nane, gurudumu la kiwandani la baiskeli lilipokwisha, fundi wa baiskeli alitaka dola mia na themanini kufunga jingine imara. Mahlon alisema yeye hawezi kumlipa mtu amtengenezee gurudumu. Alikaa na katalogi, akachagua ringi nzito yenye kuta mbili na spoki nene kuliko zote zilizokuwepo. Clara alitoa dola tisini na nne kwenye kopo bila kuguna, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu kiharusi kumsikia mumewe akisema "nitafanya."

Na alifanya. Siku tatu alikaa mezani akizipanga spoki kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa umelala juu ya ringi kama jiwe la kuzuia karatasi. Alipomaliza aliliegemeza gurudumu karibu na mlango, mahali ambapo mgeni akiingia lazima alione. Kwao kujivuna ni dhambi, na Mahlon hakusema neno. Aliliegemeza tu.

Kwa hiyo lilipokatika spoki mara ya kwanza, Arletta alisema ni shimo. Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Baba yake akabadilisha spoki mbili, na maisha yakaendelea.

"Nini tena?" Mahlon aliuliza sasa. Maneno yake yalitoka polepole tangu kiharusi, moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Shimo, baba."

"Mashimo mengi siku hizi."

"Ndiyo, baba."

Roy, aliyekuwa akishusha kigari, alidhani anasaidia. Akasema barabara za kaunti zimeharibika kweli, lakini gurudumu lenyewe anaona ni la nguvu, ona ringi ilivyo nzito. Kisha akaongeza:

"Mzee, ukimaliza hili, nitengenezee na la binti yangu. Ameanza kufundisha shule ya kule bondeni, na la kwake silipendi."

Uso wa Mahlon ulikuwa umepooza upande mmoja. Upande ule mwingine ukatabasamu.

"Lete," alisema. "Nitaweka spoki nene zaidi."

Arletta aliingia ndani kumsaidia mama yake, akavunja mayai mawili vibaya, maganda yakaingia kwenye unga.

*

Jumatatu asubuhi alilipeleka gurudumu kwa fundi. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kununua spoki tatu.

Karakana ya Atlee Gingerich ilikuwa imejaa baiskeli za mota za kila namna, zenye vikapu, zenye viti vya watoto, moja yenye kibanda cha kubebea mbwa. Atlee mwenyewe alikuwa mnene, na watu walimtania kwamba yeye ndiye kipimo: gurudumu likimbeba Atlee, litabeba chochote. Alilipokea gurudumu, akalizungusha, halafu akashika spoki mbili zilizo jirani na kuzibana kwa vidole. Zikainama kama maharage mabichi.

"Nani kafunga hizi?"

"Mtu tu."

"Huyo mtu alikuwa anatengeneza magurudumu ya magari ya farasi."

Arletta aliangalia sakafu. Atlee alielewa, na sauti yake ikashuka. Akavuta kigoda, akamwambia akae, lakini alibaki amesimama.

"Sikiliza, dada. Gurudumu la mti linasimama. Uzito unashuka, njiti iliyo chini inaubeba, kama mguu wa meza. Ndiyo maana ukitaka nguvu unaweka njiti nene, na hubani sana, maana ukibana sana zinapinda. Baba yako yuko sawa kabisa, kwa gurudumu lile." Akagonga ringi kwa kidole. "Hili halisimami. Hili linaning'inia. Hapa katikati pamening'inizwa kwenye spoki za juu, kama ndoo kwenye kamba. Sasa kamba ikilegea, unene wake utakusaidia nini? Inavutwa, inalegea, inavutwa, inalegea, mwisho inakatika. Na hizi nene hivi ukizikaza inavyotakiwa, zitaipasua ringi."

Arletta aliuliza kama kuna hatari. Atlee alisema kupanda mlima si neno, utasimama tu na kuaibika. Kushuka ndiko kubaya. Zikikatika tano au sita ukiwa unashuka na mzigo, gurudumu linakunjika.

Halafu akamwambia jambo la huruma. Aliache gurudumu pale. Jumatano litakuwa tayari, spoki mpya zote, zilizokazwa sawasawa. Mzee ataambiwa zimebadilishwa tatu tu. Kwa macho hataona tofauti, hata jina la fundi halitatajwa.

Arletta alitaka kusema ndiyo. Ilikuwa rahisi, ilikuwa karibu, na rafu ingepona. Lakini aliuona mlima wa shule ya bondeni, na binti Roy akiushuka asubuhi na vitabu vyake, juu ya spoki nene zaidi.

Akalichukua gurudumu, akashukuru, akatoka. Atlee alibaki mlangoni akijikuna kichwa.

*

Mchana wake walikuwa wakitengeneza tambi. Clara alikuwa akikanda, Mahlon akizungusha mkono wa mashine kwa mkono wake mzima, na Arletta akipokea zinavyotoka na kuzitandaza juu ya vitambaa. Kazi hiyo ilikuwa na mwendo wake, na katika mwendo huo mtu angeweza kusema jambo bila kuangaliwa. Hiyo ndiyo nafasi aliyoichagua. Aliziambia zile tambi.

"Halikuwepo shimo."

Mashine ikaendelea mizunguko miwili, ikasimama.

"Mara hii?" aliuliza baba yake.

"Mara zote mbili."

Akaeleza yote, sauti ikizidi kuwa ndogo: mguu wa meza, ndoo na kamba, spoki zilizoinama kama maharage. Alipofika kwenye kushuka mlima alimtaja binti Roy. Clara aliendelea kukanda unga ambao ulikuwa umeshakandika.

Mahlon aliuachia mkono wa mashine. Jicho lake la upande mbovu lilikuwa likitoa machozi lenyewe tangu kiharusi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua kama analia.

"Kwa hiyo ulikuwa unanihurumia," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Kanisa zima limenihurumia mwaka mzima. Namshukuru Mungu kwa hilo." Akatafuta neno lililofuata, akalipata. "Lakini wewe nilidhani unaniona mzima."

Akaushika tena mkono wa mashine, akazungusha. Tambi zikatoka. Arletta alizipokea huku haoni vizuri, akazitandaza zimepishana, na mama yake akazipanga upya nyuma yake.

Jioni, mezani, waliinamisha vichwa kwa sala ya kimya. Kwa kawaida Mahlon ndiye aliyekuwa akinyanyua kichwa na kuwaruhusu wale. Jioni ile supu ilitengeneza utando kabla hajanyanyua.

Asubuhi, Arletta aliposhuka kutoka chumbani, alimkuta baba yake amekaa karibu na mlango, kofia kichwani, gurudumu limewekwa kwenye kitoroli cha watoto cha kuvuta kwa mkono.

"Nipeleke," alisema, "kwa huyo mtu anayening'iniza."

*

Ilikuwa maili moja na nusu, na walitumia zaidi ya saa nzima. Mahlon alipumzika mara nne. Alikataa kupanda gari la farasi la mtu aliyepita, akisema wana mzigo dhaifu, unaweza kukatika spoki. Arletta hakujua kama ruhusa ya kucheka imeshatolewa, akatabasamu kwa upande.

Atlee alipowaona alijipangusa mikono mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Nasikia gurudumu langu linasimama," Mahlon alimwambia.

"Mzee, mimi sikusema kwa ubaya."

"Najua. Nimekuja unionyeshe la kwako linavyoning'inia."

Atlee alianza na jambo jema, na lilikuwa la kweli: ringi ilichaguliwa vizuri, hata yeye angechukua hiyo hiyo. Mahlon akakubali kwa kichwa. Wakazitoa spoki zote nene, moja moja, Mahlon akizilegeza na Arletta akizichomoa. Kisha Atlee akaleta maboksi mawili ya spoki na kuyaweka juu ya meza. Mkono wa Mahlon ulikwenda wenyewe kwenye zile nene. Akausimamisha hewani. Akauhamishia boksi la pili, akachukua moja, akaibiringisha kwa vidole. Ilikuwa nene kichwani, penye pindo lake, halafu inapungua kwenda chini.

"Imekondeshwa," alisema.

"Kichwa ndicho kinachokatika. Huko kwingine ikiwa nyembamba inavutika kidogo, inarudi. Inajua kuvumilia."

Walizipanga spoki thelathini na sita. Mota iliyo katikati ya gurudumu ilikuwa pana, kwa hiyo kila spoki ilipishana na mwenzake mara moja tu kabla ya kuingia kwenye ringi. Atlee alisema ukizipisha zaidi, kwa mota ya namna ile, zitaingia zimepinda na kuvunjika shingo. Mahlon aliuelewa mpangilio huo kabla hajamaliza kuelezwa. Kushoto kwake kulikuwa na mkono wake mwenyewe, kulia kulikuwa na mikono ya binti yake, na baada ya spoki kumi hawakuhitaji kuambiana.

Tabu ilikuja wakati wa kukaza. Unakaza kila kijinati cha spoki robo mzunguko, unazunguka gurudumu lote, unaanza tena. Kwenye mzunguko wa tano Mahlon aliweka spana chini.

"Basi. Itapasuka."

"Bado, mzee."

"Nasema itapasuka."

Hakuwa akibisha. Mwili wake ndio uliokuwa ukikataa, miaka thelathini na miwili ya miti iliyowahi kupasuka mikononi mwake. Arletta aliona jasho kwenye shingo yake. Atlee hakumharakisha. Alileta kifaa chake cha kupimia, akakibana kwenye spoki moja, mshale ukasimama mbali na mahali panapotakiwa. Mahlon alikiangalia kifaa kile kwa mashaka, kama mkulima anayeonyeshwa hali ya hewa kwenye gazeti. Kisha badala ya kushika spana, aliikwaruza ile spoki kwa ukucha.

Ikalia.

Akakwaruza ya pili yake. Ikalia chini kidogo. Akainamisha kichwa, lile sikio la upande mzima likaelekea gurudumu.

"Huyu yuko chini ya mwenzake," alisema.

Atlee akapima. Kweli.

"Na huyu kapanda."

Atlee akapima tena, akamwangalia Arletta, akaguna. Arletta alijua ni kwa nini. Kabla ya kiharusi baba yake alikuwa akianzisha nyimbo ibadani. Kwao hakuna kinanda wala sauti ya pili. Mtu mmoja anaianzisha noti peke yake, anaivuta, na watu mia mbili wanaingia ndani yake, sauti moja. Tangu ulimi umlemee, wengine walikuwa wakianzisha, na yeye alikaa benchi la nyuma akiangalia kofia yake magotini. Hakuna aliyefikiri kwamba masikio hayakuwa yameugua.

Mahlon alichukua spana. Hakuuliza tena kama itapasuka. Alikaza, akakwaruza, akakaza, akasikiliza. Arletta alilizungusha gurudumu spoki kwa spoki. Aligundua kwamba baba yake anatoa sauti, chini sana, mdomo umefungwa. Aliishikilia noti moja ile ile na kuzivuta spoki zije zimfuate. Atlee aliacha kupima. Alikaa juu ya kreti, mikono juu ya tumbo.

"Upande wa mnyororo wako juu zaidi," Mahlon alisema wakati fulani. "Nizishushe?"

"Hapana, mzee, ndivyo inavyotakiwa. Upande ule unavutwa zaidi."

"Ah. Kama wanawake ibadani."

Atlee alicheka hadi kreti ikalia. Arletta naye akacheka, kwa sauti, mbele ya mtu asiye wa nyumbani, na hakufunika mdomo.

Walipomaliza, Atlee alikibana kifaa chake kwenye spoki sita, hapa na pale. Mshale ulisimama karibu mahali pamoja mara zote sita. Akakirudisha kwenye droo. Alisema atachukua bei ya spoki tu, dola thelathini na mbili, na kama wana pakiti ya tambi mke wake hatakasirika. Mahlon akatoa pesa. Kisha akamshika Atlee mkono kwa mkono wake wa kushoto, akasema asante. Arletta alikuwa ameisikia asante ya baba yake mara nyingi mwaka ule. Hii haikumwinamisha.

Njiani walipita kwa Roy. Mahlon alimwambia mwenyewe, amesimama uani, kwamba gurudumu lile la kwanza alilifunga vibaya, na kama angemfungia binti yake vile vile angemuumiza. Sasa amefundishwa. Kama Roy bado anataka, alete. Kama hataki, hatamlaumu. Roy aliangalia mbingu, akaangalia farasi wake, akasema ataleta Jumatatu.

*

Ijumaa kulikuwa na umande mzito na barabara inateleza. Clara aliyafunika maboksi kwa turubai, akafunga kamba, akaifungua, akaifunga tena. Arletta aliondoka mapema kuliko siku zote. Chini ya mlima hakujipa muda wa kuogopa. Akaongeza nguvu, akakanyaga. Alikuwa akisubiri ile sauti ya ndoo na kijiko. Badala yake alisikia mota, pumzi yake, na tairi kwenye lami. Nusu ya mlima akapita mahali alipopigwa picha. Kileleni alisimama, akageuka kuliangalia gurudumu kama mtu anayemwangalia mtoto aliyevuka barabara peke yake. Kushuka, alishuka taratibu, na gurudumu likashuka naye bila kuyumba.

Dukani ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi. Marlene alikuwa akifungua mlango wa nyuma, funguo bado mkononi. Wale wasichana wawili walikuwepo.

"Leo shimo limelala?" aliuliza.

Arletta alikuwa amelipanga jibu tangu kileleni, lakini likamtoka vingine.

"Halikuwahi kuwepo. Nilidanganya. Gurudumu alilifunga baba yangu, akakosea, nami sikutaka asemwe. Hili pia kalifunga yeye. Amepatia."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia Marlene kwa mwaka mzima. Masikio yalimwaka. Marlene alimwangalia, kisha akachukua boksi la kwanza yeye mwenyewe.

"Nilijua halipo," alisema. "Barabara ile napita kila siku na mayai nyuma. Mayai yangekuwa ya kwanza kuniambia." Aliliweka boksi kwenye rafu, akalinyoosha. "Ile familia nyingine nitawatafutia nafasi kule kwenye jamu. Msalimie baba yako."

Wakayapanga maboksi pamoja. Rafu ilipojaa Arletta aliiangalia kidogo, upana wa hatua mbili, akatoka. Njiani kurudi, kigari kitupu kikirukaruka nyuma yake, alishukuru. Kwao mtu hushukuru kimya, kichwa kimeinama, na yeye kwa kimya hakuwa na mpinzani. Lakini alikuwa peke yake barabarani, akasema kwa sauti ya kawaida, kama unavyoongea na mtu aliye chumba cha pili: asante. Kisha akataja: Roy na farasi wake waliogeuzwa. Atlee. Marlene. Mama. Baba.

Mahlon alikuwa amesimama mwishoni mwa njia ya nyumbani. Hakuuliza habari za duka. Labda alizisoma kwenye kigari kitupu. Aliingoja baiskeli isimame, akaegemeza fimbo kwenye uzio, akainama kwa shida na kupitisha ukucha kwenye spoki, moja baada ya nyingine, zikalia kuzunguka gurudumu.

Mahali fulani alirudi nyuma, akakwaruza tena.

"Huyu kalegea."

Arletta alichuchumaa upande wa pili. Wiki moja kabla angesema wako sawa wote, baba. Alipitisha ukucha kwenye zile za upande wake, akasikiliza kama alivyomwona akisikiliza.

"Na huku wapo wawili, baba."

"Wawili?"

"Wawili. Mmoja kalegea sana."

Mahlon alitikisa kichwa, akautafuta uzio kwa mgongo, akakaa kwenye majani yenye umande.

"Ndiyo, ni mpya, mzigo umezivuta. Zinajipanga," alisema. "Kalete spana."

Akaenda kuileta.